Anwani Isiyolala

Jumatatu, 4 Machi

Mimi na mvua tumeingia mji huu siku moja. Yenyewe imepokelewa vizuri zaidi.

Daftari hili nimelinunua kwenye duka lililo chini ya chumba nilichopanga. Nilipomaliza kula jioni niligundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimezungumza na watu watatu tu, na mmoja wao ni mlinzi aliyetaka kujua naenda kwa nani. Nyumbani ningekuwa na mke wangu wa kumsimulia. Mke wangu yuko kwa mama yake, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mtoto wetu wa kwanza ana miezi miwili. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu. Tulikubaliana. Neno hilo nililirudia sana kabla ya kuondoka, hadi mke wangu akasema, "Basi, nimesikia. Tulikubaliana."

Jumanne, 5 Machi

Kazi yenyewe niieleze hapa, maana mke wangu kila nikimweleza husema "ehe" kwa sauti ya mtu anayekunja nguo.

Shirika hili dogo linaendesha tovuti ya afya ya mama na mtoto. Kuna makala, kuna video, kuna kalenda ya chanjo, na kuna ukurasa wa Maswali, ambako mtu huandika shida yake kwenye fomu na mkunga mstaafu humjibu. Jibu hubaki hapo ili wengine walisome. Kila ukurasa unapofunguliwa, seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti, huandika mstari mmoja: anwani ya mtandao ambayo mgeni ametokea, saa, na ukurasa alioufungua. Mistari hiyo imerundikana tangu mwaka jana na hakuna aliyewahi kuigusa. Mimi nimeletwa niiingize kwenye programu ya uchambuzi na kuunda seti ya data: niiambie programu faili ziko wapi, kila safu ina maana gani, saa zihesabiwe za wapi, nani ahesabiwe na nani aachwe.

Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Wengi wanaofungua tovuti si watu. Ni roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zikinusa kila ukurasa, mchana na usiku. Ukiziacha ndani, unamdanganya bosi kwamba ana umati. Ukizitoa, unabaki na watu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi na sijawahi kukutana na hata mmoja wa watu hao.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepewa meza katika chumba cha Mama Mkunga. Tunakaa tumepeana migongo, yeye akitazama dirisha, mimi nikitazama ukuta ambao unyevu umeuchora kama ramani. Ni mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na anaandika kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa.

"Wewe ndiye kijana wa kompyuta?"

"Mchambuzi wa data, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usiwashe feni. Nina bega linalouma."

Tatizo ni kwamba anasoma kila kitu kwa sauti. Anasoma swali, anaguna, anamgombeza aliyeuliza kana kwamba amesimama mlangoni, kisha anaandika huku akitamka: "Usimpe maji. Ana wiki tatu. Mpe ziwa. Akilegea, hospitali, usinisubiri mimi. Nukta." Hiyo nukta nayo anaitamka.

Nimeazimia kununua vile vidude vya kuziba masikio.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mama Mkunga: "Nukta" mara zisizo na idadi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimegundua kwamba aliyeiweka seva, ili kuokoa nafasi, aliiamuru iandike mistari mifupi. Aina ya simu au kompyuta aliyotumia mgeni haimo. Nimesikitika kidogo, kisha nikasema yaliyopo yatatosha.

Chumbani maji yanapenya juu ya dirisha. Nimehamisha kitanda.

Jumatano, 13 Machi

Programu imemeza faili zote bila kukwama. Nikachora grafu ya kwanza ya ukurasa wa Maswali, na Mama Mkunga akageuza kiti, mara ya kwanza tangu nifike.

"Huo mlima ndio mimi?"

"Ndio wasomaji wako, Mama. Lakini sijasafisha bado."

"Wanakuja saa ngapi zaidi?"

"Kilele ni tatu," nikasema, nikisoma kwenye skrini.

"Saa tatu asubuhi. Wako kliniki kwenye foleni, wanapitisha muda." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kudonoa kwake.

Kompyuta ilikuwa imeandika tatu ya kwake, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Nilitaka kumsahihisha, lakini maelezo yangekuwa marefu na nilikuwa katikati ya kitu.

Jumapili, 17 Machi

Sikuongea na mtu. Simu ya mke wangu haikupatikana. Nguo zimegoma kukauka.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimepata samaki mkubwa. Anwani moja, peke yake, imefungua ukurasa wa Maswali mara nyingi kuliko anwani nyingine zote zikijumlishwa. Haina Jumapili, haina sikukuu. Na inapamba moto saa tisa usiku, wakati hata mbwa wa mtaani wamelala. Inaruka kutoka jibu moja hadi jingine bila mpango: kukohoa, kitovu, kukosa choo, homa, kitovu tena. Mtu gani huyo asiyelala?

Si mtu. Nimeiweka kwenye orodha ya roboti, nikaijenga seti upya. Grafu ikashuka, ikalala kama shuka lililopigwa pasi. Ni ile raha ndogo ya kazi yetu ambayo huwezi kumweleza mtu mezani.

Nyuma yangu Mama Mkunga alikuwa akimwambia mtu fulani asiyemjua kwamba amefanya vizuri sana, aendelee hivyo hivyo, na yeye pia ale. Nukta.

Jumatatu, 25 Machi

Nimempata mke wangu kwa dakika chache. Mtoto ameanza kucheka. Aliisogeza simu karibu naye nisikie. Nilisikia mvua ya upande wangu.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemkabidhi Mkurugenzi ripoti. Ni mwanamke wa umri wangu, mkavu, anayevaa viatu visivyotoa sauti, hivyo hujui kama yupo mpaka amesema. Aliisoma yote nikiwa nimesimama.

"Video zina watu."

"Zina watu."

"Maswali hayana."

"Wapo, ila wachache. Wengi walikuwa roboti."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Nimeandika hayo maneno mawili kama nilivyoyasema.

Ijumaa, 5 Aprili

Wafadhili wamekubali ripoti kwa furaha. Fomu ya maswali itafungwa, majibu ya zamani yataachwa yalivyo, na nguvu zote ziende kwenye video. Mkurugenzi amenipongeza mbele ya watu. Mama Mkunga hakuwepo. Bega.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamemuaga Mama Mkunga leo saa kumi. Soda, keki, hotuba fupi. Mkurugenzi alisema "mchango usiosahaulika" na Mama Mkunga akamtazama mdomo mpaka akamaliza. Kisha akaja kukusanya vitu vyake: kikombe, mto wa kiti, picha ya wajukuu. Nikamsaidia kufunga boksi.

"Mkurugenzi anasema nilikuwa nawajibu mashine," akasema.

"Si wote, Mama. Wapo waliokuwa watu."

"Walionisoma ndio mashine, lakini walioniuliza je? Mashine nayo huumwa matiti?"

"Waliouliza ni watu. Ila walikuwa wachache, na waliosoma..."

"Wewe ndiye uliyehesabu?"

"Programu ndiyo inayohesabu, Mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Haya. Programu na iniitie teksi basi, mvua inanyesha."

Nilimwitia teksi mimi. Nikamfunulia mwavuli hadi mlangoni mwa gari. Hakusema asante, wala hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa ametingwa na boksi lisilowe.

Jumatatu, 15 Aprili

Naweza kuwasha feni sasa. Sijaiwasha.

Ijumaa, 19 Aprili

Chumba kimenyamaza kiasi kwamba nasikia diski ya kompyuta ikizunguka. Leo mchana nilimaliza sentensi ya barua pepe nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nukta." Nikageuka kuona kama kuna aliyesikia. Hakukuwa na wa kusikia.

Jumapili, 21 Aprili

Sina budi kuandika hii polepole.

Mke wangu amepiga simu mchana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. Mtoto amebanwa na mafua tangu Ijumaa, pua imeziba, kila akishika ziwa anashindwa kupumua na analia. Nikaanza kuuliza maswali ya kijinga ya mtu aliye mbali: mmemfunika, mmemwonyesha daktari, mama anasemaje.

"Ametulia sasa," akasema. "Nilisoma kwenye ule ukurasa wenu. Yule mama anayefoka."

"Mama Mkunga?"

"Simjui jina. Anasema tone moja la maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu la pua kabla ya kunyonya, umwinue kichwa, na akishindwa kabisa au mbavu zikianza kuingia ndani, ukimbie hospitali usimsubiri yeye. Nimefanya hivyo, akanyonya, akalala. Na mimi nikakaa nikalia peke yangu kama mwehu."

"Umesoma lini?"

"Usiku wa kuamkia leo. Saa tisa hivi. Simu mkono huu, mtoto mkono huu."

Nikakaa kitandani. Akadhani mtandao umekata. "Upo?"

"Nipo. Wewe huwa unausoma mara nyingi?"

"Mimi? Sisi wote. Kliniki kila mama ana ukurasa ule kwenye simu. Shemeji yako ndiye aliyenionyesha."

"Na mnausoma usiku?"

"Saa ambayo nyinyi mnakoroma, bwana. Mchana nani ana mkono wa kushika simu?" Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Nilitaka kumuuliza jambo jingine kuhusu kikohozi, nikaambiwa ukurasa haupo. Mmeuharibu?"

Nikamwambia nitaangalia kesho.

Nimekaa kitandani tangu hapo na viatu miguuni. Ofisi imefungwa mpaka asubuhi, na funguo anazo mlinzi ambaye Jumapili huwa kanisani mchana kutwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefika kabla ya mfagizi. Nikafungua seti yangu nzuri iliyosafishwa, nikatafuta usiku wa kuamkia jana, saa tisa, jibu la pua iliyoziba.

Hakuna. Kwa mujibu wa kazi yangu, mke wangu hakufungua ukurasa ule. Kwa mujibu wa kazi yangu hakukuwa na mtu hata mmoja macho saa ile.

Nikafungua faili ghafi la seva, lile ambalo halijapitia mkono wangu. Yumo. Saa tisa na dakika kumi, pua iliyoziba. Dakika mbili baadaye, homa. Kisha fomu ya maswali, na mbele yake ile namba ambayo seva huandika mtu anapotafuta ukurasa usiokuwepo. Na anwani aliyotokea ni ile ile niliyoiita samaki mkubwa.

Nilijua jibu kabla sijakaa vizuri. Nimewahi kulisoma, nimewahi hata kumfundisha mtu. Kampuni za simu hazimpi kila mteja anwani yake mwenyewe. Huwapitisha maelfu kwa mlango mmoja, na kwa seva iliyo nje wote huonekana kama mtu mmoja. Mtu mmoja asiyelala, anayeruka kutoka kitovu hadi homa hadi kukosa choo bila mpango. Safu ya aina ya simu ingenionyesha mara moja kwamba ni simu mia tofauti, lakini safu hiyo haikuwepo, na mimi nikasema yaliyopo yatatosha.

Na ile saa. Niliona saa tisa usiku nikasema binadamu hawezi. Nina mtoto wa miezi mitatu na ushee, na nikasema binadamu hawezi.

Mvua imenyesha mchana kutwa. Kiti cha nyuma yangu kina alama ya mto mahali alipokuwa akikaa.

Jumanne, 23 Aprili

Nimempigia fundi wa kampuni inayotutunzia seva. Ameirudisha ile safu ya aina ya kifaa. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu.

Jumatano, 24 Aprili

Usiku mmoja tu wa mistari mirefu umetosha. Simu za kila aina: mpya, kuukuu, nyingine za miaka ambayo nilidhani zimekwisha duniani. Zote zinapita mlango ule mmoja.

Mke wangu ametuma ujumbe: mtoto mzima, anatafuna ngumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Siku mbili nilimkwepa Mkurugenzi. Leo nikabisha.

Alinisikiliza bila kuniketisha. Nilipomaliza akasema, "Kaka, ile ripoti imeshapita. Watu wamepewa kazi ya video. Unataka niwaandikie wafadhili kwamba hatujui kuhesabu?"

"Ninataka uwaandikie kwamba mimi sijui kuhesabu."

"Ulisema una uhakika."

"Nilisema."

Nilitegemea anifukuze, na nusu yangu ilitaka. Nimemwona tangu Machi kama mtu aliyechongwa kwa ubao. Akavuta kiti cha pili, akakiweka mbele ya kompyuta yake. "Nionyeshe. Si grafu. Hiyo mistari yenyewe."

Tukakaa bega kwa bega. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, akiteremka na kidole kwenye skrini mstari kwa mstari kama anayesoma majina ya waliofaulu. Ghafla kidole kikasimama.

"Hizi zenye namba hii ni nini? Zimejaa."

"Ukurasa haupo. Ni watu waliokwenda kwenye fomu ya maswali baada ya sisi kuifunga."

"Tangu siku ile?"

"Kila usiku."

Aliteremka zaidi. Ziliendelea. Aliteremka mpaka akaacha kusoma, anateremsha tu, na mimi nikatazama meza.

"Huyu amejaribu mara ngapi?" akauliza, kidole kwenye rundo la mistari iliyofuatana.

"Huenda ni mmoja, huenda ni watu tofauti. Kwa mistari ya zamani siwezi kukwambia."

"Huwezi kuniambia." Alisema kwa upole, na ilikuwa mbaya kuliko kama angefoka. Kisha: "Andika barua. Eleza kosa kama lilivyo, bila kujipaka rangi. Weka jina lako. Langu litakuwa chini yake, kwa sababu fomu niliifunga mimi, na sikumwita yule mama kumuuliza hata neno moja."

Jumanne, 30 Aprili

Barua imekwenda. Fomu imefunguliwa, lakini hakuna wa kujibu. Mkurugenzi amempigia Mama Mkunga mara mbili. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili alipokea, akasikiliza, akasema, "Ahsanteni," akakata.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda kwake.

Anakaa na binti yake, ghorofa ya pili, ngazi zinazonuka sabuni ya unga. Binti alinifungulia akaniacha sebuleni na mama yake, aliyekuwa akipiga pasi sare za wajukuu. Hakuacha.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekuja kunihesabu tena?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, lakini mbele ya ile pasi maneno yalitoka kama ya mtoto aliyevunja kitu. Mlango mmoja, watu wengi. Anwani moja. Nikadhani mashine kwa sababu hailali, kwa sababu ilikuwa ikija saa tisa usiku.

Pasi ikasimama hewani.

"Saa tisa usiku."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza saa. Ukaniambia saa tatu."

"Ilikuwa tatu ya kompyuta, Mama. Sikukufafanulia."

"Nikashangaa moyoni, saa tatu asubuhi mama wa kichanga anapata wapi nafasi. Nikasema labda siku hizi mambo yamebadilika." Akairudisha pasi kwenye kola, akaikandamiza. "Tumepeana migongo wiki tano nzima, wewe. Ungegeuka tu. Ungeniuliza, Mama, ni nani anayekuwa macho saa tisa usiku? Ningekujibu kabla hujafunga mdomo. Nimezalisha watu miaka thelathini na mbili, saa ile ndiyo ninayoijua kuliko zote."

"Nimekosa, Mama."

"Najua umekosa, ndiyo maana umekaa ukingoni mwa kiti."

Nikasema la kweli. Nikamweleza kuhusu mke wangu, ziwa, pua iliyoziba, tone la maji ya chumvi. Kwamba alilia akiwa peke yake baada ya mtoto kulala, na kwamba asingepata jibu hilo angekuwa amelia kwa sababu nyingine.

Akainua macho. "Una mtoto?"

"Wa miezi minne."

"Wiki tano, na hukuniambia una mtoto."

Hata mimi nilishangaa. Nilijaribu kukumbuka ni kwa nini, nikaona hapakuwa na sababu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote katika mji huu.

Akauliza, "Waliokuwa wakija wakikuta pamefungwa, walikuwa wanataka kuuliza nini?"

"Sijui. Fomu haikuwepo, hawakuweza kuandika."

"Hata mmoja hujui."

"Hata mmoja."

Akaisimamisha pasi. Akazima umeme ukutani. Akaketi na sare ya mjukuu mapajani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nje mvua ilikuwa imepungua na watoto walikuwa wameanza kupigiana kelele ngazini.

"Nenda nyumbani," akasema. Hakusema kwa hasira.

Nilishuka ngazi. Nilipofika chumbani ndipo nilipokumbuka kwamba neno "nyumbani" kwangu halikuwa na pa kwenda.

Jumatano, 8 Mei

Maswali yanaingia. Yanakaa. Nayasoma kwa sauti ya chini, nisijue la kufanya nayo, kisha nayaacha.

Jumatatu, 13 Mei

Amekuja. Mto chini ya kwapa. Alipitia kwa Mkurugenzi kwanza, mlango wazi, hivyo ofisi nzima ilisikia masharti yake: siku tatu kwa wiki, feni isiwashwe, na ukurasa wake usifungwe tena kabla hajaulizwa uso kwa uso. Mkurugenzi akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kwangu akasema, "Habari za kazi." Akakaa, akanipa mgongo, akaanza na swali la zamani kuliko yote.

"Mwanangu, hilo si tatizo, hilo ni jino. Nukta."

Nilibaki nimeshika kipanya bila kukisogeza.

Jumatatu, 20 Mei

Hasemi nami zaidi ya salamu. Ni haki yake.

Leo alisoma swali moja kwa sauti, kisha akanyamaza katikati. Nikageuka. Mama mmoja ameandika: "Mwezi uliopita nilitaka kukuuliza kitu ikagoma. Hilo limekwisha. Sasa nauliza kuhusu nguo za mtoto, kama nizigawe au nizitunze."

Mama Mkunga hakutamka jibu lake. Aliliandika kwa kimya, kwa muda mrefu, kidole kimoja baada ya kingine. Alipomaliza akaniambia, bila kugeuka, "Nimemwambia azitunze mpaka atakapokuwa tayari. Na nimemuuliza lile la kwanza lilikuwa nini."

Jumatatu, 27 Mei

Yule mama hajajibu. Mama Mkunga huanza kila siku yake ya kazi kwa kutazama.

Mvua imeadimika. Dirisha limekauka, nimerudisha kitanda mahali pake, siku tano kabla ya kuondoka.

Ijumaa, 31 Mei

Mkataba umekwisha. Nimekabidhi seti mpya ya data, na karatasi inayoeleza kila niliyemwacha nje na sababu, ili atakayekuja aweze kunipinga. Mkurugenzi amenipa mkono. Alitaka kusema kitu, akasema "safari njema."

Nilikuwa nakunja waya wa kompyuta niliposikia kiti cha nyuma kikizunguka.

"Basi lako saa ngapi?"

"Kumi na mbili." Nikaongeza haraka, "Asubuhi, Mama. Kesho."

Nusura atabasamu. "Ana miezi mitano sasa."

"Anatimiza wiki ijayo."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina taratibu mara mbili, kama anayepima nguo kwa macho.

"Utakapofika," akasema, "usikimbilie kumbeba. Hakujui wewe. Harufu yako haijui, ndevu hazijui. Ukimnyakua atalia, na wewe utaumia, na mama yake atakaa katikati yenu asijue amshike nani. Keti tu karibu. Ongea na mkeo, msaidie kazi, mpe pole ya kukesha. Mwache mtoto akutazame mpaka ashibe kukutazama. Inaweza kuwa siku hiyo, inaweza kuwa wiki. Atanyoosha mikono mwenyewe."

Akageukia skrini yake. Donoa, donoa, donoa.

Sikuwa nimemuuliza chochote.